Bustani ya Mtaa Hujengwa Januari

Leo nakualika tuzungumzie kilimo cha msimu ambao hakuna anayelima. Twende New York, mwezi wa kwanza, wakati ardhi imeganda hata ukiipiga jembe linadunda. Katika baadhi ya mitaa ya Brooklyn, hasa ile iliyokaliwa tangu zamani na watu waliotoka Italia, utaona kitu kimesimama uani, kimeviringishwa magunia na karatasi za lami, kamba zimekizunguka toka chini hadi juu, na kileleni kimefunikwa ndoo kifudifudi. Mgeni hudhani ni mzigo unaosubiri lori. Kumbe ni mtini. Mti huo ni wa nchi za jua, na wahamiaji waliokwenda nao Marekani hawakukubali kuishi bila tini. Basi kila mwaka kabla ya baridi kali wanayakusanya matawi, wanayafunga pamoja, wanauvisha mti mzima. Ndoo nayo ina kazi yake: inazuia maji ya mvua na theluji yasishuke katikati ya matawi yakayaozesha.

Tini huliwa mwishoni mwa kiangazi chao, mwezi wa nane na wa tisa, na siku hizo marafiki wa mti ni wengi. Lakini mti uko hai kwa sababu ya mtu mmoja au wawili waliokuwa nje na kamba mkononi, vidole vimekufa ganzi, miezi mingi kabla. Nasema hivyo kwa sababu bustani za mtaa za jiji lile, zile zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, ziko hivyo hivyo. Sisi tunaozitazama picha zake tunaona alizeti na nyanya na watoto wenye makopo ya kumwagilia. Kazi inayozifanya ziwepo hufanyika wakati hakuna cha kupiga picha.

New York ina bustani za mtaa zaidi ya 550 chini ya mpango wa jiji uitwao GreenThumb, ulioanzishwa mwaka 1978. Nyingi zimekaa kwenye viwanja ambavyo miaka ya sabini vilikuwa magofu: nyumba zimeungua, wenye nyumba wamekimbia madeni, na jiji lenyewe mwaka 1975 lilikuwa hatua chache kufilisika. Leo jiji huwapa wanabustani mbao, udongo, mboji na vifaa bila malipo. Mengine yote, kuanzia kufungua geti asubuhi hadi kuamua kesi ya maboga yaliyotambaa yakavamia tuta la jirani, ni juu ya wakazi wenyewe. Hakuna mshahara, hakuna posho ya kikao.

Tuanze na matuta, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Udongo wa viwanja vile una historia. Nyumba za zamani zilipakwa rangi yenye madini ya risasi. Nyumba ilipoanguka, rangi ikabaki kwenye kifusi, na kifusi kikasawazishwa papo hapo. Juu yake ukaongezeka moshi wa magari wa miaka mingi, enzi za petroli yenye risasi. Madini hayo hayaozi. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo kizazi baada ya kizazi, na mtoto anayecheza pale akatia kidole mdomoni ameshayala. Kwa hiyo mwanabustani wa New York halimi ardhi aliyoikuta. Hutandika kitambaa kizito cha kuzuia udongo wa chini usichanganyike na wa juu, akajenga juu yake fremu ya mbao, akaijaza udongo safi uliochanganywa na mboji. Tuta la namna hiyo ni kama bakuli kubwa lililowekwa sakafuni.

Mbao nazo zina mambo yake. Zinazopendwa ni za mwerezi, ambazo hazitiwi dawa na bado huchukua miaka kabla ya kuoza. Mbao kuukuu zilizookotwa mtaani ni za kuogopwa, kwa sababu hadi mwisho wa mwaka 2003 mbao nyingi za nje ya nyumba kule Marekani zilitiwa dawa yenye aseniki. Mataruma ya reli, ambayo kwetu pia watu huyapenda kwa kujengea kingo za bustani, yameloweshwa kreosoti, na kreosoti haifai kukaa karibu na mboga. Kuna mtu kwenye kila kamati anayeijua habari hii, na kuna mwingine anayefika kila mara na ubao wa bure aliouona jalalani. Mjadala wao ni sehemu ya majira ya baridi.

Kisha vipimo. Upana wa tuta hauzidi sentimita 120, kwa sababu mtu mzima akichuchumaa upande mmoja mkono wake unafika katikati bila taabu, na upande wa pili vilevile. Ukizidisha, atalazimika kukanyaga ndani, na udongo uliokanyagwa hushikamana, maji hayapiti, mizizi hainywi. Urefu wa kwenda juu ni suala la utu. Tuta la sentimita 30 linatosha mchicha, lakini halimtoshi bibi wa miaka 75 ambaye magoti yake yamekataa. Bustani nyingi sasa zinainua baadhi ya matuta hadi usawa wa kiuno, na kuacha njia pana kiasi cha kiti cha magurudumu kupita na kugeuka. Nikiulizwa ni uboreshaji gani unaostahili fedha ya kwanza, nitasema huo, kabla ya mabanda, kabla ya mabango yenye majina ya wafadhili. Wazee ndio wenye muda, ndio wanaojua mbegu, na ndio wanaokuwa bustanini saa nne asubuhi siku ya kazi wakati vijana wako ofisini. Bustani inayowafungia nje kwa sababu ya kimo cha ubao imejinyima walinzi wake.

Lakini kwa nini wajenge Januari badala ya Mei? Kwa sababu mwezi wa tano kila tuta lina mche na kila mche una mwenyewe. Jaribu kumwambia mtu ahamishe pilipili zake ili upanue njia, utaona. Januari matuta yako wazi, mtu anaweza kufikiria njia bila kugombana na mmea wa mtu. Mafundi watasubiri siku ambazo jua limetoka na ardhi imelegea kidogo, wapime, wakate mbao ndani ya banda, wafunge skrubu. Mkulima wa Morogoro ataelewa bila kuelezwa: shamba la vuli linaamuliwa mwezi wa tisa, vumbi likiwa bado linapaa.

Nenda sasa kwenye kona ya mboji. Hapa kuna kitu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa sayansi akione. Lundo la mboji lenye ukubwa wa mita moja kila upande, likilishwa vizuri, ndani yake hufika nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi, hata kama nje ni chini ya sifuri. Mtu analichoma uma wa shambani, analigeuza, na mvuke unapanda hewani kama sufuria limefunuliwa. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vinakula maganda ya viazi na mabaki ya kahawa, na kula kwao kunatoa joto. Theluji imelala pande zote, lakini juu ya lundo imeyeyuka.

Taabu ya mboji ya baridi ni majani makavu. Maganda ya jikoni yapo mwaka mzima, ila yakirundikwa peke yake hugeuka uji unaonuka. Yanahitaji kuchanganywa na kitu kikavu, na majani hudondoka mwezi wa kumi na wa kumi na moja tu. Kwa hiyo bustani inayokuwa na mboji nzuri Februari ni ile ambayo mtu alikumbuka Novemba kujaza mifuko kadhaa ya majani na kuipanga mahali pasipolowa. Na kuna panya. Panya wa New York hawana utani. Baridi ikizidi hutafuta pahali penye joto na chakula, na lundo la mboji linawapa vyote viwili. Dawa yake ni masanduku yaliyozungushiwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, chini pia, maana panya akikosa mlango huchimba. Kushona wavu huo kwenye fremu ukiwa umevaa glovu ni kazi ya kukatisha tamaa. Bila glovu ni mbaya zaidi.

Januari hiyo hiyo jiji lina desturi ya kukusanya miti ya Krismasi. Watu huipeleka kwenye bustani kubwa za umma ikiwa imevuliwa taa na mapambo, mashine inaisaga, na mabaki yake hugawiwa bure. Wanabustani wanajaa na toroli. Vipande hivyo hutandazwa kwenye njia kati ya matuta ili pasiwe na matope. Vikitandazwa juu havina shida, ila ukivichimbia ndani ya tuta vitaifunga naitrojeni kwa muda wakati vinaoza, na mboga zako zitakuwa za njano. Kila mwaka kuna mgeni anayefanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Maji yana hadithi fupi. Bustani nyingi hazina mita zao; huchota kwenye bomba la zimamoto la barabarani kwa kibali cha idara ya maji, na nyingine huvuna mvua kutoka kwenye mapaa ya majirani na kuihifadhi kwenye matangi. Baridi ikija, yote yanafungwa na kumwagwa. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na hakuna bomba wala koki inayoshindana na nguvu hiyo. Tangi lililosahaulika limejaa hupasuka, na habari hiyo hujulikana Aprili, siku ya kwanza ya kumwagilia.

Kuna pia theluji yenyewe. Anayemiliki au kutumia kiwanja kinachopakana na barabara anawajibika kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele yake, na bustani haikusamehewa. Kwa hiyo usiku theluji ikianguka, asubuhi lazima atokee mtu na koleo. Kazi hii haina uhusiano wowote na mboga, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayonunua heshima ya mtaa. Jirani asiyejali lengalenga wala lavenda anaona kwamba mbele ya bustani mama mwenye kigari cha mtoto amepita bila kuteleza. Siku bustani itakapohitaji saini yake, atakumbuka.

Kinachoota wakati huo ni kidogo. Vitunguu saumu vilipandwa Oktoba au Novemba, vikafunikwa majani makavu, na vinaihitaji baridi hiyo ili vigawanyike kuwa vidole. Vitavunwa mwezi wa saba. Matuta mengine yamepandwa nafaka ya rai, si kwa kuliwa, bali kwa kuushika udongo. Ndani ya nyumba watu wanafungua makabrasha ya mbegu, na Jumamosi ya mwisho ya Januari ni siku ambayo watu wa sehemu nyingi za Marekani hukutana kubadilishana mbegu.

Na kuna mkutano, sebuleni kwa mtu, kwenye ukumbi wa kanisa, au maktaba ya mtaa. Ajenda zake hazina mvuto hata kidogo. Nani ana funguo, na nani alipewa funguo miaka mitatu iliyopita akahama bila kurudisha. Nani atakuwa zamu ya geti, kwa kuwa jiji linataka bustani iwe wazi kwa umma saa 20 kwa wiki kuanzia Aprili hadi Oktoba. Tuta likitelekezwa, libaki hivyo kwa wiki ngapi kabla ya kupewa aliye kwenye orodha ya kungojea. Nani ataandika barua. Watu wanaopenda kulima mara nyingi hawapendi vikao, nami siwalaumu. Lakini historia ya bustani hizi inaonyesha kwamba zimeokolewa zaidi na vikao kuliko zilivyookolewa na mbolea.

Mwaka 1973 msanii mmoja aitwaye Liz Christy na wenzake, waliojiita Green Guerillas, walianza kusafisha kiwanja kilichojaa takataka penye kona ya barabara za Bowery na Houston, kule Manhattan. Walikuwa na ujasiri wa kutupa mbegu juu ya nyua za viwanja vilivyofungwa. Hata hivyo, hawakuishia kwenye kutupa mbegu. Walikwenda kwenye ofisi za jiji, wakabembeleza, wakajaza fomu, na mwaka 1974 wakapewa kiwanja kwa kodi ya dola moja kwa mwezi. Bustani ile ipo hadi leo na ina jina la mama huyo, aliyefariki mwaka 1985. Dola moja si kitu, lakini karatasi ya upangaji ni kitu.

Kisha ikaja miaka ya tisini, bei ya ardhi imepanda. Meya Rudolph Giuliani aliamua kuuza kwa mnada bustani zaidi ya 100 mwezi Mei mwaka 1999. Alipolalamikiwa alijibu, tena redioni, kwamba zama za ukomunisti zimekwisha. Majira yale ya baridi na ya kuchipua hayakuwa ya kupogoa mizabibu. Yalikuwa ya orodha za wanachama, mabasi ya kwenda kwenye maandamano, mawakili wa kujitolea na simu za usiku. Mkesha wa mnada, taasisi mbili, Trust for Public Land na ile ya mwigizaji na mwanamuziki Bette Midler iitwayo New York Restoration Project, zilikubaliana na jiji kuzinunua bustani hizo kwa takriban dola milioni 4.2.

Si zote zilizopona. Bustani ya Esperanza, upande wa mashariki wa Manhattan ya chini, ilikuwa imelimwa na familia za Wapuertoriko tangu miaka ya sabini. Watetezi wake walijenga ndani yake sanamu kubwa ya chura aina ya coquí, chura mdogo anayependwa sana Puerto Rico, wakawa wanakesha humo kwenye baridi kuilinda. Tarehe 15 Februari 2000 buldoza liliingia, polisi wakawakata minyororo waliojifunga. Siku hiyo hiyo mahakama ilitoa amri ya kulizuia jiji kubomoa bustani. Kwa Esperanza amri ilichelewa. Bustani nyingine zilinufaika nayo, na mwaka 2002 yakafikiwa makubaliano kati ya mwanasheria mkuu wa jimbo na meya mpya, Michael Bloomberg, yaliyolinda bustani mamia.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2012 shirika la IRC, ambalo wasikilizaji wetu wa Kibondo, Kasulu na Kakuma wanalijua kwa kazi zake kambini, lilianzisha shamba la jamii la New Roots huko Bronx kwa ajili ya wakimbizi, wahamiaji na majirani zao. Mashamba ya namna hiyo yapo pia katika miji mingine ya Marekani, na humo wamo ndugu zetu wa Kongo na Burundi, wengi wakiwa wamepitia kambi ya Nyarugusu, wanaolima lengalenga na maharage katika miezi michache ya joto. Wengi walikuwa wakulima kabla ya vita kuwaondoa. Hawana cha kujifunza kuhusu jembe. Kigeni kwao ni baridi, na kigeni zaidi ni huu utaratibu wa funguo, zamu na orodha.

Kwa hiyo wewe unayetusikiliza ukiwa huko ughaibuni, na unatamani kipande cha ardhi cha kupanda mchicha wako, nakusihi usingoje Aprili. Aprili kila mtu anataka tuta, na orodha ya kungojea ni ndefu. Nenda sasa. Tafuta bustani iliyo karibu nawe, soma tangazo lililobandikwa getini, uliza siku ya kazi ni lini, uende na glovu. Shika koleo uondoe theluji, geuza mboji, shikilia ubao mwenzako akifunga skrubu. Watakujua kwa jina kabla mbegu hazijatoka kwenye pakiti. Na ukishaingia kwenye mkutano, uliza mkataba wa kiwanja umeandikwa kwa jina la nani na unaisha lini. Kama hakuna anayejua, omba liwekwe kwenye ajenda ya mwezi wa pili.